Kitabu Kilichokwenda Kulishwa Kalengera

Mwanangu, iko siku moja ya usichana wangu ambayo haijanitoka kichwani, siku muzee mumoja wa ng'ombe alisimamisha mazungumzo ya mahari kwa sababu ya kitabu cha picha. Juzi ulipita hapa na album yako mupya ya hadithi za picha kwapani, jalada gumu, karatasi inang'aa, ukaniuliza plastiki gani inafaa kuifunika. Nilikujibu mbiombio kwa sababu maharagwe yangu yalikuwa motoni. Leo yameiva. Keti hapo, acha simu, nikupe ile siku pamoja na jibu la plastiki, maana moja bila nyingine haitakusaidia.

Na usinitazame hivyo. Ninyi vijana munafikiri bibi mwenye kitambaa kichwani alizaliwa akijua rozari tu. Mimi nilipenda vitabu vya picha, hizi tunaziita bede, kabla mama yako hajajua kutambaa.

Wakati wetu bede zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na zile za jalada gumu zilizotoka Ulaya. Hizo zilikaa kwenye kabati la mapadri nyuma ya kioo, na sisi tulizisoma kwa mbali, kama mutu anayenusa nyama ya jirani. Halafu kulikuwa na zetu, zilizochorwa na vijana wa hukuhuku, karatasi nyembamba, wino unabaki kwenye vidole, zinatandikwa chini pale soko la Birere, hapa Goma, na kuuzwa kipande kwa kipande. Hadithi moja ilichukua miezi na miezi kwisha. Ile tuliyoipenda sisi ilikuwa ya shofa anayeitwa Kapepo na kamyo yake isiyo na breki, anapeleka mizigo kutoka Goma mpaka Butembo, na kila kipande kilikwisha kamyo ikiwa imezama kwenye matope na daraja mbele yake halipo.

Nasema sisi, maana tulikuwa wawili. Rafiki yangu anaitwa Furaha. Wazazi wake walishuka kutoka vilima vya Masisi kama wangu, tuliimba kwaya moja, na Kapepo tulimununua kwa zamu: kipande hiki mimi, kinachofuata yeye. Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeweza kusoma hadithi nzima peke yake. Kila Jumapili baada ya misa tulikutana nyuma ya nyumba yao hapa Keshero, kila mumoja na vipande vyake, tukavipanga juu ya mawe na kusoma kwa sauti. Furaha alifanya sauti za wanawake na za polisi wa kwenye kizuizi. Mimi nilifanya kamyo. Nilikuwa kamyo muzuri sana, mutu asikudanganye.

Baba yangu mudogo alikuwa fundi wa kushona vitabu. Alishona rejista za ubatizo, misale zilizochanika, vitabu vya nyimbo ambavyo wanakwaya walivifanya vikapu vya kutilia kila kitu. Alinifundisha kukunja karatasi, kutoboa, kupitisha uzi wenye nta, kupaka gundi ya kole kwenye mugongo wa kitabu, kukata kingo kwa kisu kikali mpaka zilingane, kisha kuvalisha katoni. Nikaanza kuwaza juu ya Kapepo. Vipande vyetu vilikuwa vinaisha. Mende walikuwa wamekula daraja moja zima, na unyevu ulikuwa unamutoa shofa ndevu za kijani. Watu wanasema akiba haiozi. Aliyesema hivyo hajakaa Keshero karibu na ziwa.

Nikamuomba Furaha vipande vyake, akanipa bila kuuliza mara mbili. Nikashona vyote pamoja, nikakata kingo, nikaweka katoni nene mbele na nyuma, nikaivalisha kitenge cha kijani cha mama yangu kilichokwisha kuchakaa. Kikatoka kitabu, mwanangu. Kigumu, kizito, kinasimama chenyewe mezani kama vile vya mapadri. Furaha alikifungua, akakinusa, akanikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka.

Hatukuona tulichofanya. Vipande vilikuwa vyake na vyangu, kila mutu alijua. Lakini kitabu sasa kilikuwa cha nani? Kwa muda hatukuuliza. Kililala kwetu, kikalala kwao, kikazunguka kama likirimba, muchango wa zamu wa akina mama, leo zamu yangu, kesho yako. Ingeweza kuendelea hivyo mpaka leo.

Kisha Furaha akachumbiwa. Kijana alikuwa mfanyabiashara wa Kalengera, kule Rutshuru kwenye barabara ya kaskazini. Mutu mwema, simusemi vibaya. Lakini Kalengera si Keshero. Zamu ya kitabu haiwezi kupanda gari kila juma.

Siku wazee wa bwana walipokuja kuzungumza mahari, sisi wasichana tulikuwa jikoni kwao tunamenya ndizi na kuzipika, kuku wa wageni amefungwa pembeni. Nilikuwa nimekuja na kitabu kwa sababu ilikuwa zamu ya Furaha. Akakiweka kando, akaniangalia, akasema taratibu, "Dada, nipe vipande vyangu niende navyo."

"Vipande gani? Kapepo si mukate."

"Basi nipe kitabu."

"Nani alikishona?"

"Na nusu yake nani alinunua?"

Unaona maneno hayo? Yote ni ya kweli, na hakuna hata moja linalosaidia. Nilijua vizuri kwamba nikikata uzi kurasa zitabaki makombo, maana mugongo ulishakunywa kole. Naye alijua. Lakini tuliendelea, sauti ikapanda, na hatimaye kitabu kilikuwa katikati yetu, yeye ameshika upande huu na mimi ule, na ndizi zinaungua.

Nikuambie kilichokuwa moyoni mwangu, maana siku ile sikumuambia mutu. Sikulilia karatasi. Furaha alikuwa anaondoka. Niliwaza, yule bwana akimuchukua Furaha, na Furaha akimuchukua Kapepo, mimi Jumapili nitakaa na nani nyuma ya nyumba? Kumbe yeye, aliniambia miaka baadaye, alikuwa anawaza, nikienda kule ugenini bila kitabu, huyu ataniita mke wa mutu na kunisahau. Wawili tulikuwa na hofu moja na tulikuwa tunaitumia kupigana.

Baba mukubwa wa Furaha, ndugu wa kwanza wa baba yake, ndiye alikuwa anasimamia mahari upande wao. Tulimuita Muzee Rukundo. Alikuwa mufugaji wa Masisi, murefu, mwembamba, koti moja kwa misa na kwa msiba, na siku ile alikuwa ameshuka kutoka vilimani kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Akasimama kwenye mulango wa jikoni na fimbo yake.

"Kuku munamuchinja ao munamuua kwa maneno?" akauliza. "Wageni banasikia yote. Leteni hicho kintu."

Tukaenda barazani tumeinamisha kichwa. Mbele ya wazee wa pande zote mbili. Furaha alitaka ardhi immeze, mimi nilitaka inimeze kwanza. Muzee akakipokea kitabu, akakipima mukononi, akafungua ukurasa wa kwanza ili aone tunagombania nini.

Akasoma. Akageuza ukurasa. Akacheka kidogo puani. Wazee wa bwana walikuwa wameshafika kwenye ng'ombe wangapi, mumoja akakohoa, Muzee akainua kidole kumuambia angoje. Akaendelea. Kapepo alipotoa kiatu na kukiweka chini ya gurudumu ili kamyo isirudi nyuma, Muzee alicheka mpaka akajipangusa macho na kofia, akamuonyesha muzee wa upande wa pili, naye akasogeza kiti. Mwanangu, mahari ya mutu ilingoja shofa atoke kwenye matope.

Baadaye akafunga kitabu na uso wake ukabadilika. Akatuuliza kisa. Tukamueleza, kila mumoja akimukata mwenzake.

"Sikilizeni, banangu," akasema. "Mimi niko na ng'ombe kwenye vilima vinne. Nyumbani kwangu wamebaki wachache. Mutu akipita anasema, muzee huyu iko masikini. Aseme. Ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja, wengine wako fasi ingine wanakula majani. Na kila kilima fasi iko ng'ombe wangu, niko na mulango wa kugonga. Nikifika usiku na mvua, hawaniulize wewe ni nani."

Akanigeukia. "Wewe mushonaji. Ng'ombe ukimugawanya kwa kisu, munakula nyama siku moja. Ukimupeleka kwa rafiki amulishe, yeye anakunywa maziwa, wewe unabakia mwenye ng'ombe, na siku yoyote unakwenda kumuona. Hakuna wa kukufungia mulango. Na ndama akizaliwa, anarudi kwako."

"Lakini Muzee," nikasema, "kitabu hakizai."

"Kwani nani alikizaa hiki? Si mikono yako? Mufundishe mwenzako. Ng'ombe inakwenda na yule anayeondoka."

Nililia. Mbele ya wageni wote, nililia bila aibu, na Muzee hakuninyamazisha. Aliniacha nimalize, kisha akasema neno dogo ambalo limenikaa kuliko yale yote makubwa: "Ukikificha chini ya kitanda chako, kitakuwa chako kweli. Na wewe utakuwa mutu mwenye kitabu, basi." Akarudi kwa wazee wenzake kuzungumza ng'ombe wengine.

Siku chache sikwenda kwao. Nilikuwa na kichwa kigumu, na bado ninacho, muulize mukwe wangu. Lakini arusi ilikuwa inakaribia na hasira ni mgeni mbaya, inakula chakula cha siku ambazo huzipati tena. Nikachukua sindano, nta na mabaki ya katoni, nikaenda. Nikamufundisha Furaha kushona. Alikuwa na mikono mizito, uzi wake unapinda kama barabara ya Sake, tukacheka, tukasahau kwamba tulikuwa hatusemi. Siku ya kuondoka niliweka kitabu mimi mwenyewe ndani ya valizi yake, katikati ya vitenge viwili. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, wazee wanasema, lakini mimi nakuambia siku ile valizi ile ilikuwa nzito mukononi.

Sasa sikia jinsi ilivyokuwa. Mara ya kwanza kwenda Kalengera, mama mukwe wa Furaha aliniuliza nimeleta habari gani. Nikamuambia nimekuja kumuona ng'ombe wangu. Akacheka, akaita majirani waje kuniona, na tangu siku ile nyumba ile ilinijua kwa jina hilo, mama wa ng'ombe ya karatasi. Nikafungua kitabu, nikakuta mafuta ya mboga juu ya uso wa Kapepo na ukurasa umekunjwa na vidole vya watoto. Damu ilinipanda. Furaha aliniona, akasema bila haraka, "Ng'ombe anayekamuliwa hakosi matope, dada." Kumbe watoto wa barabara nzima walikuwa wanakuja kwake kusoma, na yeye bado alikuwa anafanya sauti za polisi. Alikuwa amekosa tu mutu wa kufanya kamyo. Basi nikaifanya, mimi mutu muzima, mbele ya wakwe wa watu.

Na ndama alikuja. Muchuuzi wa kabichi alinishushia kifurushi hapa Keshero, ndani yake bede za vipande ambazo Furaha aliziokota kwa wasafiri, amezishona mwenyewe, katoni ya sanduku la sabuni, jalada la gunia. Mushono umepinda, ukurasa mumoja umewekwa kichwa chini. Nimeshika album za Ulaya zenye herufi za dhahabu, mwanangu, mapadri walipoondoka walinigawia kadhaa, lakini hakuna iliyonifurahisha kama ile ya gunia.

Hapo ndipo nilianza kukusanya kwa namna yangu. Wewe unaona rafu yangu ina nafasi nyingi, unafikiri nimeuza. Sijauza. Album ikiingia kwangu, ya jalada gumu la dukani ao ya kushonwa kwa mukono, inakaa kidogo, nainusa, naisoma, kisha naitafutia nyumba. Moja iko kwa katekista, moja kwa mushona viatu, mbili kwa mwalimu mulevi ambaye, nakuhakikishia, anazitunza kuliko mukewe. Na nusu ya zile unazoziona hapa ni za watu, zimekuja kulishwa kwangu. Kizuri kula na nduguyo. Mimi nimeongeza tu: na umwachie sahani.

Nisikufiche kwamba miaka imekuwa mibaya. Barabara ya kaskazini ilifungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Simu ya Furaha ikanyamaza. Watu wakashuka kutoka Rutshuru na magodoro kichwani, wakajaa kambi ya Kanyaruchinya, na mimi sikujua rafiki yangu yuko wapi. Halafu mwanamuke mumoja sokoni akaniambia amemuona Furaha kule kambini na wajukuu wake. Nikauliza, yuko muzima? Akasema, "Muzima, lakini nilipomutajia jina lako aliinuka akaondoka."

Neno hilo liliniumiza. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, na mifupa yangu hii, mpaka Kanyaruchinya. Nikazunguka kati ya mahema nikiuliza. Nilipomuona kwa mbali aliniona pia, akaingia ndani na hakutoka. Nikakaa nje juu ya jiwe. Nikasema kwa sauti, majirani wote wasikie, "Nitangoja. Mimi ni kamyo, nimezoea kukwama."

Akatoka. Amekonda, nywele nyeupe kabisa. Mikononi alikuwa amebeba kitu kimefungwa ndani ya nguo. Hakunisalimu. Akakifungua, akakitandika chini mbele ya miguu yangu. Jalada la kitenge cha kijani, katoni imevimba kwa maji, na ndani yake hakuna kitu. Hata ukurasa mumoja.

"Nimekuletea ngozi," akasema.

Wewe ni mutoto wa mujini, hujui, acha nikueleze. Kwetu vilimani, ng'ombe uliyepewa kulisha akikufia, haulipi. Lakini unamuchuna ngozi, unaibeba wewe mwenyewe mpaka kwa mwenye ng'ombe na kuitandika mbele yake. Ngozi inasema: sikumuuza, sikumula kwa siri, amekufa mikononi mwangu na mimi nimekuja kukuambia. Mwenye ng'ombe akiipokea kwa mikono miwili, neno limekwisha. Wengi hawaogopi kufiwa na ng'ombe. Wanaogopa ile safari ya kubeba ngozi, njo maana wanahama na hawaonekani tena, na urafiki wa miaka unakufa kwa sababu ya mnyama mumoja.

Aliniambia njia ilivyokuwa. Mvua iliwakuta juu ya barabara, usiku na mchana, kitabu kikalowa ndani ya mzigo, na walipofika kurasa zilikuwa uji. Aliogopa kunitafuta. Alisema, "Ulikishona wewe. Kilikuwa kitu cha kwanza cha mikono yako. Nilisema, siku nitakapokuambia nimekipoteza, nitakuwa nimekupoteza na wewe."

Nikainama, goti likalia, nikalipokea lile jalada kwa mikono miwili. Nikamuambia, "Nimeiona ngozi. Sasa nisalimie vizuri, mama." Tukalia, wawili wazee, na wajukuu wake walituangalia wakijiuliza kama tumepata wazimu. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka Kapepo alitokaje kwenye mto. Akasema kwa mutumbwi. Nikasema kwa kamba. Tukabishana mpaka jua likageuka, na hatukumaliza.

Leo Furaha anakaa hapa Keshero, ng'ambo ya barabara yangu, unamujua, yule anayekemea mbuzi za jirani. Jalada la kijani nililikausha, nikalinyoosha chini ya mawe, nikalivalisha bede zingine za vijana wa sasa, maana ngozi nzuri haitupwi. Liko kwa watu wa mutaa wa Himbi. Kuhusu kamba na mutumbwi, bado hatujapatana, na kila Jumapili mumoja wetu anavuka barabara ili ashinde.

Basi mwanangu, ulikuja kuuliza plastiki. Weka, si mbaya, hasa huku kwenye unyevu. Weka ile laini, usibane kingo, na usiache album imelala chini ya sanduku. Lakini nasaha yangu ni hii. Ukikusanya vitu vizuri, kila kimoja kitafutie mutu, siyo kabati tu. Kipe watu wachafue kidogo. Ukipewa cha mutu, kitunze kuliko chako, na kikikuharibikia usijifiche: beba kilichobaki, nenda, tandika chini. Na ukiwa ni wewe unaletewa, pokea kwa mikono miwili kabla hujauliza lolote. Kitabu kinashonwa tena. Rafiki wa ujana hakuna fundi anayekushonea.

Mungu wa wazee wetu akupe macho ya kusoma mpaka nywele zigeuke. Akupe nyumba yenye nafasi kwenye rafu. Na akujalie kuwa mutu ambaye wenzako hawaogopi kukuletea ngozi. Haya, osha mikono, tule.